Dakika Ishirini za Bi. Pili

Mkija kwangu hapa Kibiti mtaikuta saa ya ukutani iko mbele kwa dakika ishirini. Tafadhali msiirekebishe. Wameshajaribu wengi. Mjukuu wangu alipanda juu ya kiti, simu mkononi, akaniambia, "Bibi, saa yako inadanganya." Nikamwambia ashuke mwenyewe kabla sijamshusha. Fundi aliyekuja kufunga king'amuzi naye alitaka kunisaidia bure kabisa, nikamwambia msaada wake ubaki kwenye king'amuzi.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja: kwanza kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha visiwani, huko delta ambako ukitaka kwenda kwa jirani unauliza kwanza habari za maji, kisha Dimani, kisha hapa Kibiti mjini, nilikostaafu mwaka jana. Vijana mnaoanza kazi hupita kunisalimia na kuniuliza habari za dawa na sindano. Hayo mmeyasoma vizuri kuliko mimi. Ninalolijua mimi ni kuwahi. Nilifundishwa na watu wawili, na mmoja wao nilimkosea sana. Nitawaeleza yote, pamoja na kosa lenyewe, maana bila hilo mtadhani nilizaliwa hivi nilivyo.

Wa kwanza ni Bi. Pili. Alikuwa mhudumu wa zahanati ile ya visiwani. Alifagia, alichemsha vyombo, alibeba maji, alipima watoto uzito, na akitoka kazini alikuwa somo wa nusu ya wasichana wa kijiji, ndiye aliyewafunda. Hakujua kusoma barua, lakini saa aliijua, na saa ya zahanati ilikuwa mali yake. Kila ikianza kusuasua alipanda juu ya benchi la wagonjwa, akasikiliza redio ya jirani ipige saa kamili, kisha akaisogeza mikono mpaka zitimie dakika ishirini mbele. Si kumi na tisa, si ishirini na moja.

Nilipofika nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimevaa saa ya mkononi niliyonunuliwa na baba yangu siku ya kuhitimu, na nilikuwa najiona. Siku ya kwanza tu nikamwambia, "Bi. Pili, saa yenu imekosea."

Alinitazama kutoka kiatu mpaka kofia. "Haijakosea, mwanangu. Imetangulia." Akaendelea kufagia.

Nilibishana naye mwezi mzima. Nikamwuliza, "Kama kijiji kizima kinajua iko mbele dakika ishirini, si kila mtu anazitoa? Faida yake nini?"

Akanijibu, "Wanazitoa, ndiyo. Ila wanazitoa wakishafika mlangoni."

Nilicheka wakati ule. Baadaye nikaona ni kweli tupu. Mama anachungulia dirishani anaona saa mbili imefika, moyo unamruka, anamfunga mtoto mgongoni anaingia kliniki. Akishakaa kwenye benchi ndiyo anakumbuka, "Ala, kumbe saa ya Bi. Pili hii!" Lakini yumo ndani tayari. Mwili haujui hesabu. Macho yakiona umechelewa, miguu inaondoka kwanza, na akili inakuja nyuma polepole.

Kulikuwa na mwezi mmoja tu ambao saa ile haikuruhusiwa kuonekana. Ramadhani ikiandama, Bi. Pili aliifunika kwa khanga, akaifunga kwa uzi nyuma, ikakaa hivyo mpaka Idd. Sababu ni kwamba mwaka mmoja, kabla sijafika mimi, mgeni kutoka bara aliitazama saa ile jioni, akaenda kwa wenyeji wake akawaambia wakati umefika, na familia nzima ikafungua kwa uji na tende jua bado linaonekana kabisa juu ya mikoko. Walilipa siku ile, na Bi. Pili akaona dhambi ile na yeye ana sehemu yake. Tangu hapo, khanga. Nimefanya kazi sehemu nyingi, sijaona mahali pengine saa inavalishwa.

Mtu wa pili ni Mzee Kaisi, nahodha wa boti ya zahanati. Huyu ndiye pekee kijijini ambaye saa ya Bi. Pili haikumdanganya. Aliitazama, akatoa ishirini hapohapo, na alichobaki nacho kilikuwa saa sahihi. Saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa maji, na aliona hana haja ya nyingine maadamu ya ukutani ipo na anaijua tabia yake. Sijapata kumwona mtu anayewahi kama yeye. Ukimwambia boti inaondoka saa moja, saa kumi na mbili na nusu ameshajaza mafuta, ameshatoa maji ndani kwa kata, na amekaa anachonga pondo, mti wake wa kusukumia boti.

Alinifundisha kuhesabu kinyumenyume. Nyie mnaanza na saa ya kuamka: naamka saa kumi na moja, naoga, nakunywa chai, halafu mnashangaa basi limeondoka. Mzee Kaisi alianza na mwisho. "Fungu tunatakiwa tulipite saa tatu," alikuwa akisema. "Kutoka gatini mpaka fungu nusu saa. Kupakia robo saa. Mgonjwa kuaga ndugu zake nusu saa, na hiyo usiibane, hawatakuelewa. Mimi nikitoa kiatu chini ya kitanda ni saa ngapi?" Ukimjibu vibaya anakurudisha kwenye fungu uanze tena.

Fungu ni lundo la tope lililo kwenye mlango wa mkono wa mto uliopita kijijini kwetu, na ndilo lililotawala maisha yetu. Maji yakijaa, boti inapita juu yake bila kulijua. Maji yakipwa, linatokea jeusi, na hapo mtakaa saa tano mkitazamana. Ubaya wake, pale gatini kwetu palikuwa na kina, kwa hiyo maji unayaona yapo, unadhani una muda, kumbe mlangoni yameshakwisha. Na kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana, kwa hiyo hakuna saa unayoweza kuikariri. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hutoka mengi tena kwa kasi.

Mambo haya nimeyatumia nchi kavu pia. Nilipohamia Dimani palikuwa na mwenyekiti mmoja wa kamati ya zahanati, mtu mwema sana, ila hakuna mkutano aliouwahi. Nikawa nikimwandikia saa mbili na wenzake saa tatu. Tuliishi vizuri hivyo miaka miwili. Siku moja akafika saa mbili kamili, sijui alikorofishwa na nani nyumbani, akakuta watu hakuna. Nikamkabidhi daftari la kliniki na mizani. Akapima watoto uzito saa nzima, na alipima vizuri kweli. Mkutano ulipoanza alikuwa amelowa mkojo wa mtoto begani na ana furaha isiyo na kifani.

Na stendi hapa Kibiti nimejifunza nisimsikilize kondakta. Akisema "tunaondoka sasa hivi, mama, panda," we agiza chai na chapati ule kwa nafasi. Tazama miguu ya dereva. Akiwa na kandambili, basi halijaondoka. Akiinama kuvaa viatu, lipa chai yako upande. Sijaachwa na basi la Ikwiriri hata mara moja tangu nilipogundua jambo hilo.

Mnaona ninavyozunguka. Nalikwepa lile kosa. Haya, nisikilizeni.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili visiwani. Ramadhani ilikuwa imekwisha, Idd imepita, na Bi. Pili alikwenda kwa ndugu zake ng'ambo kumalizia sikukuu. Mimi nikaifunua saa khanga. Nikaikuta imesimama, betri imekwisha siku isiyojulikana. Nikatia betri mpya, nikaitazama saa yangu ya mkononi, na hapo shetani wa usomi akaniingia. Nikaiweka sawasawa na yangu. Dakika kwa dakika. Nilijiambia kwamba hii ni zahanati ya serikali, si mahali pa kuchezea saa. Nikajiambia pia kwamba nitakaa kimya nione watachukua siku ngapi kugundua, halafu niwacheke. Sikumwambia mtu yeyote.

Siku ya pili yake, asubuhi, aliletwa Somoe. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, miezi inatimia. Uso umevimba, miguu imevimba, kichwa kinamgonga, na presha yake nilipoipima nilirudia mara tatu nikidhani mashine ni mbovu. Nyie mliosoma mmeshajua. Hapo kifafa cha mimba kiko karibu, na kwa vifaa tulivyokuwa navyo sikuweza kumzalisha pale. Ilikuwa aende Kibiti, na aende asubuhi ileile. Nikamchoma sindano niliyokuwa nayo, nikaagiza Mzee Kaisi aitwe.

Alikuja mara moja. Akamtazama Somoe, akaitazama saa ukutani, midomo ikacheza kidogo akihesabu. "Ni bamvua," akasema. "Fungu tulipite kabla ya saa tatu. Tunang'oa nanga saa mbili na nusu. Nesi, muweke tayari, mimi nafuata petroli dukani."

Mimi nilikuwa na mgonjwa, na nilikuwa na mama mtu analia, na nilikuwa na mume anayetaka kujua kama wachukue godoro. Walichukua godoro. Wakachukua birika, mkeka, na kuku mmoja wa kumpa shangazi aliyekuwa akiishi Kibiti. Mzee Kaisi aliwaacha wapakie kwa sababu, kwa hesabu yake, muda ulikuwepo. Mara mbili nilimwona akichungulia ile saa. Nami sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka. Ile saa ilikuwa imenitoka kichwani kana kwamba haikuwa mimi niliyeigusa jana yake.

Tuliondoka gatini saa ya ukutani inasema saa tatu kasoro kumi. Mzee Kaisi alijua hiyo ni saa mbili na nusu. Haikuwa.

Tulilikuta fungu limeshaota. Boti ilikwaruza, ikajitahidi, ikakaa. Mikoko pande zote, tope mbele yetu kama uwanja, na ng'ambo yake unauona mto mkubwa una maji tele. Mzee Kaisi akazima injini. Akautazama mlango ule wa maji aliokuwa akiupita tangu ujana wake. Kisha akageuka.

"Nesi, saa yako inasema saa ngapi?"

Nikatazama mkononi. "Saa tatu na dakika ishirini."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mzee Kaisi alinitazama mkono wenye saa, akanitazama usoni, kisha akavua shati lake akaliweka chini ya kichwa cha Somoe. "Haya," akasema. "Maji hayarudi mpaka saa nane. Huyu hawezi kungoja saa nane."

Akaruka kwenye tope. Likammeza mpaka mapajani. Mtu wa makamo, mvi kichwani, anatambaa na pondo ameilaza mbele yake ili isimzamishe, anakwenda kwenye kambi ya wakata miti ng'ambo ya fungu. Sijui alitumia muda gani, kwa sababu wakati huo Somoe alishikwa na degedege, mara moja, na mimi nilikuwa nimemshika asijing'ate ulimi huku mama yake anasoma kila dua aliyoijua. Nilipoinua kichwa niliwaona wanakuja, Mzee Kaisi na wanaume wanne, wanauburuta mtumbwi mtupu juu ya tope. Tukamlaza Somoe ndani juu ya lile godoro nililokuwa nimelichukia asubuhi. Wakauburuta kurudi, wanne wanavuta, Mzee anasukuma nyuma, kila hatua wanazama na kujichomoa. Mimi nilitembea pembeni nimeshika ukingo kwa mkono mmoja na mkono wa Somoe kwa mwingine. Kiatu changu kimoja kipo kwenye tope lile mpaka leo.

Kwenye maji makubwa tulimpata mvuvi mwenye mashine. Kwenye gati la bara tukapata pikapu ya mnunuzi wa kamba wabichi, imejaa barafu. Yule bwana akamwaga shehena yake chini bila kuuliza maswali, Mungu amlipe. Tulifika Kibiti Somoe bado anapumua. Alijifungua mchana huo mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kali. Wote wawili walipona. Daktari aliyetupokea aliniambia, "Mngechelewa kidogo tena, dada, tungekuwa tunazungumza mengine." Alikuwa ananisifu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Sasa sikieni nilichofanya. Niliporudi kijijini siku ya tatu, Bi. Pili hajarudi bado, jambo la kwanza, kabla sijanawa miguu, nilipanda juu ya benchi nikaisogeza saa mbele. Dakika ishirini kamili.

Wiki iliyofuata kamati ya zahanati iliitisha mkutano. Watu walikuwa na hasira, na haki yao: binti yao alikaribia kufa kwenye tope. Mmoja wa wanakamati akasimama, akaelekeza kidole ukutani. "Saa ile pale, iko mbele kama siku zote. Nahodha alikuwa na dakika ishirini za bure mkononi na bado kachelewa. Alikuwa wapi?" Mwingine akasema alimwona dukani anazungumza. Mwingine akasema labda Mzee ameshachoka, apewe mwenye macho.

Wote wakamgeukia Mzee Kaisi. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nimeufunika mkono wangu wenye saa kwa mwingine. Alisimama taratibu. Akasema, "Nahodha nilikuwa mimi. Chombo kilikwama mikononi mwangu. Sina la kuongeza." Akakaa.

Mimi sikusema neno. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini, nyumbani wadogo zangu wanne walikuwa wakiutegemea mshahara wangu, na nilikuwa mwoga. Naweza kuwapa sababu nyingine nyingi, lakini hiyo ya mwisho ndiyo yenyewe.

Walimnyang'anya boti. Alikaa msimu mzima wa mpunga akilima shamba lake kama mtu mwingine yeyote, na boti akapewa kijana aliyeigonga kwenye kisiki mara mbili, mpaka wakaja wenyewe kumbembeleza arudi. Lakini jina lilikuwa limeshamganda. Walimwita Kumekupwa. Akipita njiani watoto wanaimba, "Kumekupwa! Kumekupwa!" Mtu aliyekuwa akiwahi kuliko mtu yeyote delta nzima akawa ndiye mfano wa kuchelewa. Mtu akichelewa shughulini wanamwambia, "Umekwama na Mzee Kumekupwa?" na baraza zima linacheka. Na mimi mara nyingine nilikuwepo kwenye baraza hilo.

Aliporudi kwenye boti hakubadilika kwangu hata kidogo. Tena alizidi wema. Hapo ndipo aliponifundisha maji, kuyahesabu kwa mwezi, kuyasoma kwenye mizizi ya mikoko, mpaka nikawa naweza kupanga siku za chanjo za mwezi mzima bila kumwuliza. Nilidhani ananifundisha kwa sababu anapenda kufundisha. Miaka niliyobaki pale hatukukwama tena na mgonjwa. Na tangu siku ile mimi sijachelewa kazini, si visiwani, si Dimani, si hapa. Watu husema nina nidhamu. Mimi najua ni nini.

Nilihama. Bi. Pili alifariki, na kwa wosia wake saa ikaletwa kwangu ndani ya ile khanga. Kila mwaka nilikuwa nikisema mwaka huu nitakwenda kwa Mzee Kaisi nimwambie. Nilikuwa na likizo kila mwaka. Nilipostaafu, kisingizio cha kazi kikaisha.

Yeye sasa anaishi Ikwiriri kwa binti yake anayeuza mchele. Nilituma salamu kwamba nitafika saa nne. Nilifika saa tatu na nusu, kama kawaida yangu, nikamkuta amekaa kibarazani, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani. Binti yake akaniambia amekaa pale tangu saa mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, nesi. Umechelewa. Nilikutazamia saa tatu." Akacheka peke yake, meno mawili yaliyobaki yakaonekana.

Tuliongea habari za watu, nani amekufa, nani ameoa tena. Chai ikaja. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima kwenye basi, na yote yakapotea. Nikasema tu, "Baba, siku ile ya Somoe, saa ya ukutani ilikuwa haiko mbele. Niliirekebisha mimi. Halafu nikairudisha kabla ya mkutano."

Akapuliza chai yake. "Najua."

Nilidhani hakusikia. "Unajua nini, baba?"

"Hilo ulilosema. Nilikuuliza saa pale kwenye tope, ukanijibu. Nikahesabu kurudi mpaka gatini. Nikaona saa ya ukutani na ya mkononi kwako zimekwenda sawa. Na uso wako, mwanangu, ulikuwa umenimalizia maneno."

"Na mkutanoni hukusema?"

"Ningesema nini? Nesi wa kwanza tuliyeletewa alikaa miezi mitatu. Wa pili hakufungua sanduku, alirudi na boti ileile iliyomleta. Wewe ulikuwa mwaka wa pili, unagombana na Bi. Pili, nikajua huyu atakaa. Ningekutaja, wangekuhamisha wiki ileile. Manahodha kijijini tulikuwa sita. Mkunga alikuwa mmoja."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Lakini wakakuita Kumekupwa."

"Mpaka leo," akasema, bila uchungu, kama mtu anayekutajia mtaa anaokaa. "Hata hawa wajukuu, wakienda kule likizo, wanaitwa wajukuu wa Kumekupwa. Wadogo wanadhani ndiyo ukoo wetu."

Nililia mbele yake, mwanamke mzima wa miaka zaidi ya hamsini. Akaniacha nilie. Nilipomaliza nikamwomba ruhusa niliseme jambo hili hadharani, kwa jina langu. Akafikiri, akasema, "Sema. Sasa umestaafu, hawana pa kukuhamishia."

Basi ndiyo nasema. Jina langu ni Zaituni. Nyie mtakaopangiwa zahanati za visiwani, mtamsikia mtu akitaniwa kwamba amekwama na Mzee Kumekupwa. Mwambieni anayetania kwamba siku ile Mzee Kaisi alitoka gatini kwa wakati wake, kwa saa aliyopewa. Aliyechelewa ni mimi, na nilichelewa miaka ishirini na tisa.